Kazi Amu na Mokowe: tununue Hindi au Langoni?

NesiWaZamu

Assalaam aleikum wakubwa. Mimi ni muuguzi hospitali ya hapa Amu, mji wa kisiwani Lamu, mume wangu ni mwajiriwa wa kaunti na ofisi yake iko Mokowe, bara, ng'ambo ya maji. Tumepanga Langoni, mtaa wa hapa Amu, sasa tunataka kwetu. Tumeonyeshwa ploti Hindi, huko bara, futi 50 kwa 100, shilingi 600,000, na fundi ametupigia hesabu ya 2,400,000 kwa nyumba ya vyumba viwili. Pia kuna nyumba kuukuu ya mawe hapa Langoni, 4,500,000, inakalika. Mkopo wa sacco ni asilimia 13 kwa mwaka. Zamu ya asubuhi naingia saa moja na nusu. Ya alasiri natoka karibu saa mbili usiku. Watu wanasema Hindi ni karibu siku hizi, lami mpaka Mokowe. Ukihesabu yote, ni karibu kweli?

HesabuKwanza

Wa aleikum salaam dada. Lami imefupisha njia, haikufupisha kungoja. Pima kuanzia unapofunga mlango mpaka unapopokea zamu. Toka Hindi: kutembea hadi steji dakika 10, matatu kujaa 15, njia 15, boti kujaa 15, kuvuka 15, jeti ya Amu hadi hospitali 10. Jumla dakika 80, na hapo hakuna kilichoharibika. Toka Langoni ni dakika 10 kwa miguu. Kwa siku 22 za kazi, tofauti ni kama saa 51 kila mwezi.

Mumeo habadilikiwi na kitu. Hindi hadi Mokowe ni dakika 40 na kungoja kwake, Langoni hadi Mokowe ni hizo hizo 40. Mzigo wote wa Hindi unakuangukia wewe.

Pesa sasa. Tuseme matatu ni 100 na boti 150. Weka nauli ya leo mahali pake. Wewe ni 500 kwa siku, 132,000 kwa mwaka. Mumeo toka Hindi ni 52,800. Halafu zamu ya alasiri: boti ya abiria huondoka ikijaa, na saa mbili usiku haijai, kwa hiyo unakodi chombo kizima. Mara nne kwa mwezi kwa 1,500 ni 72,000 kwa mwaka. Hindi yote: 256,800.

Ukikaa Langoni, nauli ya mumeo ya boti ni 79,200 kwa mwaka. Nyumba inazidi ile ya Hindi kwa 1,500,000, na riba ya mwaka wa kwanza kwa tofauti hiyo ni 195,000. Jumla 274,200. Unalipa 17,400 zaidi kwa mwaka kununua saa 51 za kila mwezi. Na riba hushuka kadiri salio linavyopungua, ilhali nauli sijaiona ikishuka. Hiyo 1,500,000 yenyewe utailipa, lakini itakuwa ndani ya nyumba yako. Nauli haibaki popote.

Mambo mawili ya kuongeza. Ukijenga Hindi utaendelea kulipa kodi Langoni miezi yote ya ujenzi, na hilo fundi hakuliandika. Na kabla ya kupenda nyumba ya 4,500,000, piga hesabu ya payslip: sheria ya ajira inataka makato yote yasipite theluthi mbili ya mshahara. Ikiwa makato ya mkopo yanazidi hapo, mjadala wa Langoni umekwisha.

MwanaRamani

Nakubaliana na hesabu, ila msiichukulie ploti ya Hindi kama pesa 600,000 tu. Ardhi ya Lamu ina historia: mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za kampuni 22, ekari karibu 500,000. Kwa hiyo karatasi kwanza, bei baadaye.

Sehemu kubwa ya Hindi ilitoka kwenye skimu ya makazi. Muuzaji akikuonyesha barua ya mgao, hiyo si hati. Uliza deni la skimu limelipwa lote, na hati imetoka kwa jina la nani. Ploti za 50 kwa 100 mara nyingi zimekatwa kutoka shamba moja kubwa, na wanunuzi kumi wanashikilia nakala ya hati mama moja. Usilipe hata amana mpaka mgawanyo umesajiliwa na kipande chako kina namba yake kwenye ramani ya msajili.

Kisha mpeleke mpimaji akafukue bikoni zote nne, zile alama za mipaka. Barabara ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari na barabara, kwenda Garissa inapita Hindi. Mpimaji aweke ploti juu ya ramani ya ukanda huo kabla hamjatia sahihi. Kama ardhi ni ya kilimo, lazima idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Yakichelewa, mkataba unakufa. Mwenzi wa muuzaji naye aridhie kwa maandishi. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 kwa shamba, 4 kwa mjini. Kwa nyumba ya Langoni hiyo ni 180,000, iingizeni kwenye bajeti.

NesiWaZamu

Shukran sana, hata sikufikiria stempu. Na Shela je, kile kijiji cha ufuoni hapa kisiwani? Kuna chumba na sebule, bei iko katikati. Nitakwenda kwa miguu.

MshikaUsukani

Kwa miguu ni dakika 40 hadi 45, maji yakiwa yametoka. Tazama mwezi, bibi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hujaa kama saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hadi saa tano. Maana yake asubuhi unapita vizuri, maji yanatoka. Ukitoka kazini jioni, mchanga umefunikwa na mawimbi yanapiga kuta za nyumba za ufuoni. Hapo ni boti, au unazunguka nyuma ukivuta mguu kwenye mchanga laini. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo shida hukaa siku chache, huondoka, kisha hurudi bamvua inayofuata.

Upepo wa kusi nao, hasa Mei hadi Agosti, huingia Shela moja kwa moja kupitia mlango wa bahari. Huko mawimbi ni makubwa kuliko kwenye mkondo wa Mokowe. Kwa mtu wa zamu, mimi singeipendekeza Shela.

FundiChokaa

Basi imebaki Langoni, na huko kuna ya kukagua. Chukua msumari mrefu, uchome boriti pale zinapoingia ukutani, hasa chini ya choo na chini ya dari ya juu. Boriti nzima inakataa msumari; iliyooza inaumeza. Kubadilisha boriti kunataka kuvunja dari ya mawe na chokaa juu yake, na kila mzigo unashuka lori Mokowe, unapanda boti, unamalizia kwa punda. Mara tatu kupakia, mara tatu kulipa.

Ukiona lipu ya simiti juu ya ukuta wa matumbawe, gonga. Ikilia kama kitu kitupu, imeachana na ukuta. Simiti hufungia unyevu na chumvi ndani, ukuta ukaliwa nyuma yake. Ibanduliwe, ipigwe chokaa. Kisima kionje mwisho wa msimu wa upepo wa kaskazi, Machi, ndipo chumvi hujionyesha.

Kabla ya kubadili mlango, dirisha au ghorofa, uliza Makumbusho ya Taifa. Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001.

Lililo kubwa kabisa: nani mwenye nyumba? Nyingi za hapa ni mirathi isiyogawanywa, nyingine ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Ghorofa ya juu huwa na mwenyewe mwingine, na wikio, chumba cha juu kinachovuka njia, laweza kuwa la jirani. Omba hati ya mirathi kutoka mahakama ya Kadhi, na kila mrithi atie sahihi, hata aliyeko Mombasa au Oman. Amana ya asilimia 10 ikae kwa wakili, isiende kwa muuzaji, mpaka sahihi ya mwisho ipatikane.