Nimetiwa kokwa ya tende mkononi mbele ya baraza zima!

Wallahi sijalala. Yule bwana, nyote mwamjua, yule aliyekaa Marekani miaka mitatu akarudi na lafudhi ya miaka thelathini. Jana usiku barazani Kibokoni, kahawa ndiyo kwanza yamiminwa, akaanza ngano zake za kuwinda kulungu wa mkia mweupe. Ati yeye risasi zake ni zile za kijeshi, zilizovikwa shaba hadi nchani, "kwa sababu zapenya."

Nikamwambia kwa adabu: yakhe, hizo hazitanuki mwilini, zatoboa na kupita, mnyama akakimbia kufia mbali. Majimbo mengi huko huko Marekani yamezikataza kwa kulungu. Mwenye bunduki ya .308 achukue risasi ya ncha laini, itanukayo, yenye uzito wa greni 150, imemtosha.

Basi akatema kokwa ya tende, akanishika mkono, akaniwekea kiganjani: "Risasi yako hii. Kawinde paka wa Mji wa Kale."

KOKWA. YA TENDE. NA MATE YAKE. Nusura dele limponyoke muuza kahawa kwa kucheka. Kuna mzee pale hajacheka tangu uwindaji upigwe marufuku Kenya 1977, jana alicheka mpaka akaombewa maji. Nimenawa mara arobaini, bado nahisi mate!

Dafu_Bichi: Greni 150 hazijai gramu 10, lakini kokwa haifiki hata 5. Amekupunja, kadai nyongeza.

BintiKuze: Ulimrudishia ama ulitia mfukoni?

Mwenye uzi: Nilipigwa na bumbuazi! Nilikaa nayo mpaka watu wakatawanyika.

Kamba_Mbili: 😂😂 Wewe si ndiye uliyejifungia chooni siku ya Idi mbuzi alipolia? Leo wewe na ncha laini.

Mwenye uzi: Hilo halihusiani. Tende ilikuwa YATOKA KINYWANI.

FundiTuktuk: Huyo huyo ana mia tano yangu tangu Ramadhani. Nikimdai aniambia angoja dola ipande.

PwaniTupu: Hata bunduki ya .243 na risasi ya greni 100 yamuangusha kulungu vizuri tu. Hakuna aliyeuliza, haya.

MamaMahamri: Mimi nalia na hizo tende. Siku hizi nyuzi tupu, kokwa kubwa kuliko nyama.

BintiKuze: Na kashata je? Zimekuwa kama stempu.

FundiTuktuk: Afadhali kashata. Leo Likoni nimesubiri feri mpaka ndevu zikaota, halafu ndani twabanwa kama dagaa.

Dafu_Bichi: Mwenye tuktuk alalamikia kubanwa? Juzi ulinipakia na magunia mawili ya mkaa na kuku.

FundiTuktuk: Kuku alilipa. Wewe bado.

Mwenye uzi: JAMANI, KOKWA!

MamaMahamri: Oda za mahamri ya Ijumaa mwisho leo magharibi. Iliki ya kweli, si harufu ya chupa.

Kamba_Mbili: Niwekee kumi na mbaazi.

Mwenye uzi: Niwekee sita. Bila tende.