Nimeangalia muvi, sasa nataka vitabu vyake: nianze na kipi?

Mtazamaji Mpole

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mtu wa muvi. Vitabu nilisoma shuleni kwa sababu ya mitihani, mitihani ilipoisha tukaachana kwa amani. Ila siku hizi kila muvi inayonikaa kichwani, majina yakianza kupanda mwishoni nakuta imetokana na kitabu cha fulani. Karibuni nimeangalia Dune zote mbili, Conclave, All Quiet on the Western Front ile ya Wajerumani ya 2022, na nikairudia The Shawshank Redemption. Zote zina kitabu nyuma yake.

Mjue ladha yangu kwanza. Conclave imeniweza: wazee na majoho yao wanapiga kura kumchagua Papa, hakuna anayekimbizana na mtu, na bado roho ilikuwa juu mwanzo mwisho. Dune ya kwanza nilisinzia, ya pili ikaniamsha, ila pale mwishoni Chani, mpenzi wa shujaa Paul, anapoondoka amenuna sikuelewa kama ndiyo wameachana au vipi. All Quiet niliizima katikati nikaimalizia kesho yake, ni nzito mno. Shawshank sina la kusema, ile ni ya kurudia mpaka uzeeni.

Sasa naomba ushauri. Nasoma taratibu sana na kazi zinanibana, kwa hiyo nataka kimoja cha kuanzia, si orodha. Halafu hivi kuna faida gani kusoma kitabu ambacho mwisho wake naujua? Mke wangu ananicheka, anasema ni kama kuangalia marudio ya mechi ambayo matokeo unayo. Na la mwisho, binti yetu ana miaka 9, amezama kwenye Wicked hadi anaimba usingizini. Anataka "kitabu cha Wicked". Nimnunulie?

Povu ruksa, ila na ushauri uwemo.

Bint Kalamu

La mtoto kwanza maana ndilo la haraka. Usimnunulie, kaka. Riwaya ya Gregory Maguire ya 1995 ni ya watu wazima kabisa. Ina mambo ya chumbani, ina mauaji, ina siasa nzito za kuwakandamiza wanyama wanaozungumza, ambazo muvi imezipunguza makali. Tena muvi haikutoka moja kwa moja kwenye riwaya. Katikati kuna mchezo wa jukwaani wa 2003, na huo ndio uliozaa nyimbo na ule urafiki mtamu wa wale wachawi wawili, Elphaba na Glinda. Mtoto akifungua riwaya kutafuta nyimbo zake atakutana na vitu utakavyoshindwa kumweleza. Usiangalie jalada. Fungua ndani usome mwenyewe kwanza.

Mpe The Wonderful Wizard of Oz ya L. Frank Baum, ya mwaka 1900, ndiyo mama wa hadithi zote hizo. Mwambie atafute viatu vya Dorothy, yule msichana wa hadithi, humo: ni vya fedha. Vile vyekundu vilikuja na filamu ya 1939.

Mtazamaji Mpole

Duh, afadhali nimeuliza. Ubarikiwe dada.

Nahodha wa Jangwa

Mkuu, anza na Dune na usiwasikilize wanaokuja kukutisha.

Kuhusu Chani: kwenye kitabu cha Frank Herbert cha 1965 haondoki. Anabaki na Paul akijua kwamba ndoa na binti mfalme Irulan ni ya jina tu, na neno la mwisho la kitabu kizima anapewa Jessica, mama yake Paul, akimfariji kwamba historia itawaita wao ndio wake. Denis Villeneuve, mwongozaji wa muvi, amepageuza hapo makusudi. Herbert alitaka kuonya watu wasimfuate shujaa kama vipofu, lakini wasomaji wengi wakaishia kumshangilia Paul. Kwenye muvi Chani ndiye aliyebebeshwa lile onyo, kwa hiyo lazima anune. Mimi naona wamefanya vizuri, ingawa wenzangu wa kitabu wananizomea. Ninachowalaumu ni Alia. Kitabuni mdogo wake Paul anazaliwa, ni katoto kadogo kanakoongea kama bibi kizee, na yeye ndiye anayemuua Baron, adui mkuu wa familia yao. Kwenye muvi yuko tumboni, Paul anafanya kazi yote. Hapo tumepunjwa.

Na hilo la kujua mwisho, Herbert mwenyewe hakujali. Daktari Yueh, msaliti wa nyumba ya Atreides, yaani ukoo wa Paul, unatajiwa mapema kabisa kabla hajafanya lolote. Kisha unakaa ukimsoma anavyoongea kwa upole na Jessica, mwanamke anayekwenda kumuuza, na unajua kinachomtafuna. Kwenye muvi usaliti unakupiga ghafla na unapita. Kitabuni unaungoja.

Mzee wa Kurasa

Nahodha unamuua mwenzako. Mtu hajashika riwaya tangu shule, unamtwisha Dune? Sura ya kwanza tu inamrushia Bene Gesserit, gom jabbar, Kwisatz Haderach, kila baada ya mistari anakimbilia kamusi iliyo nyuma ya kitabu. Ndiyo, kitabu chenyewe kimewekewa kamusi yake, sasa hapo ujue mwandishi alikuwa anajua anachowafanyia watu. Atakiegemezea mlango.

Mtazamaji, chukua Shawshank. Si riwaya, ni hadithi ndefu iliyomo ndani ya Different Seasons ya Stephen King, 1982. Mle ndani zipo nne, na tatu kati yake zimekuwa filamu, ikiwemo ile ya vijana wanaofuata reli kwenda kuona maiti, Stand by Me ya 1986. Kitabu kimoja, muvi tatu. Na hiyo ya kwako ni kama kurasa mia na kitu, hata anayesoma kwa kidole anaimaliza.

Faida utaiona palepale. Red, mfungwa anayesimulia, kitabuni ni Mwairishi mweupe mwenye nywele nyekundu. Ndiyo maana Morgan Freeman akiulizwa kwa nini anaitwa Red anajibu labda kwa kuwa yeye ni Mwairishi, watu wanacheka bila kujua utani umetoka wapi. Kitabuni Andy, rafiki yake Red, anakaa gerezani miaka 27, muvi imempunguzia hadi 19. Wakuu wa gereza wanapishana kadhaa, muvi ikawakusanya wakawa mmoja ili umchukie vizuri. Na yule kijana Tommy, mwenye ushahidi wa kumwokoa Andy, hauawi. Anahamishiwa gereza lenye nafuu, ananyamaza. Mimi hilo linaniuma kuliko risasi za kwenye muvi, maana risasi ni ya mtu katili, ila kijana mzuri kununuliwa kwa raha kidogo, hilo liko kila siku.

Mwisho nao si ule. Hakuna ufukwe wala kukumbatiana. Kitabu kinamwacha Red yuko safarini, anatumaini tu.

Sijaelewa Bado

Mmeshamtobolea yote, sasa atasoma nini?

Mzee wa Kurasa

Mtu kasema ataiangalia mpaka uzeeni, siri gani tena imebaki hapo?

Kibatari

Kabla uzi haujageuka kanisa la "kitabu siku zote ni bora", mniruhusu nipinge. Jaws: kitabu cha Peter Benchley cha 1974 kina mke wa mkuu wa polisi anayetoka na yule mtaalamu wa papa, kurasa na kurasa za kero za ndoa. Spielberg, aliyeongoza muvi, mwaka uliofuata akafagia takataka zote akabakiza papa, mashua na wanaume watatu. Forrest Gump ya Winston Groom, 1986: Forrest anarushwa angani na chombo cha anga pamoja na orangutani. Sitanii. Waliotengeneza muvi waliona, wakanyamaza, wakaendelea na maisha.

Mwandishi wa kitabu naye si hakimu. Stephen King ameiponda The Shining ya Kubrick miaka nenda rudi, akaandika hadi toleo lake la televisheni mwaka 1997. Watu bado wanaangalia ya Kubrick.

Kwa hiyo mkuu, usisome kitabu kwa sababu umeambiwa ni bora. Uliza muvi ilishindwa kubeba nini. Kama haikushindwa chochote, lala.

Mzee wa Kurasa

Kwa Jaws nakupa. Kwa The Shining tutagombana siku nyingine.

Koplo Mstaafu

Naona All Quiet mnaikwepa. Mimi nilivaa magwanda, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Muvi ni nzuri, sauti zake tu zinatosha kukunyima usingizi. Lakini Remarque, mwandishi wa kitabu, ambaye mwenyewe alijeruhiwa mstari wa mbele mwaka 1917, hakuandika kitabu cha milipuko. Kuna sehemu Paul (si yule wa Dune, huyu ni askari kijana wa Kijerumani anayesimulia) anapewa likizo anarudi nyumbani. Mama yake anaumwa kitandani. Anakaa chumbani kwake mbele ya rafu ya vitabu alivyovipenda, anaviomba vimrudishie ile hamu ya zamani, havimrudishii. Wazee waliobaki nyumbani wanamkalisha na kumfundisha jinsi vita inavyotakiwa kupiganwa, wanamchorea na mipaka ya nchi watakazochukua. Yeye aliyetoka huko anakaa kimya. Sehemu yote hiyo muvi ya 2022 imeitupa. Badala yake inakupeleka kwenye behewa la treni, wakubwa wanajadili kusitisha mapigano, jambo ambalo kitabuni halimo kabisa, kwa sababu askari wa kawaida hakuwahi kuwa ndani ya hilo behewa. Kumtoa Paul chumbani kwake ukaingiza mawaziri ni kubadilisha kitabu kinamhusu nani.

Kisha buti. Kemmerich, askari mwenzake Paul, yuko hospitali, amekatwa mguu, hana siku nyingi. Ana buti za ngozi laini. Müller, mwenzao mwingine, anakuja kumtembelea na anazitaka zile buti waziwazi, si kwa ubaya, ila wahudumu watazichukua akifa na yeye za kwake zinamtoa malengelenge. Kemmerich akafa, Müller akavaa. Müller naye alipopigwa, zikaja kwa Paul. Paul anaeleza hayo bila kulia. Hapo ndipo nilipojua mwandishi alikuwepo kweli.

Na kifo. Muvi inamuua Paul dakika za mwisho kabisa kabla ya saa tano asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1918, vita inakoma, unalia. Kitabuni anakufa Oktoba, siku tulivu kiasi kwamba taarifa ya jeshi ilikuwa na sentensi moja tu, kwamba upande wa magharibi hakuna jipya. Kitabu chote Paul anasema "mimi" na "sisi". Ukifika ukurasa wa mwisho anayesimulia ni mtu mwingine, kwa mistari michache, basi. Unajua steringi atakufa, na bado ile kubadilika kwa sauti inakukuta hujajiandaa.

Huo ndio mchango wangu kwa shemeji yetu wa marudio ya mechi.

Msafiri Kimya

Koplo umemaliza. Niongeze kimoja upande wetu wa Afrika: Half of a Yellow Sun. Kitabu cha Chimamanda cha 2006 kinaruka huku na huku kati ya mwanzo na mwisho wa miaka ya 1960, kwa hiyo unawakuta watu wamevunjika kabla hujajua nani kamvunja nani. Filamu ya 2013 imewanyoosha kwa mpangilio wa tarehe, na Ugwu, kijana wa kazi ambaye kitabuni ni jicho kubwa la hadithi, amesogezwa pembeni dada wawili watambe. Si cha kuanzia kwa msomaji wa taratibu, ila kiweke akiba.

Mtazamaji Mpole

Koplo umenifanya niiogope tena hiyo muvi. Conclave mbona hamuigusi? Ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Bint Kalamu

Tuliiacha kwa kuwa haina mengi ya kugombania. Kitabu ni cha Robert Harris, 2016, na muvi imekifuata karibu hatua kwa hatua. Mkuu wa makardinali kitabuni ni Mwitaliano anaitwa Lomeli. Kwa ajili ya Ralph Fiennes akawa Mwingereza Lawrence. Utapata zaidi ya maombi na mashaka yake ya ndani, lakini raha kubwa ya kile kitabu ni kutojua kura zitaangukia wapi, na wewe unajua. Kwa hiki, mkeo yuko sahihi. Kama umempenda mwandishi, tafuta kingine chake ambacho hujaona muvi yake.

Halafu hujastuka kwamba Conclave na All Quiet zimeongozwa na mtu mmoja, Edward Berger? Ile kamera ya kuganda usoni kwa mtu anayemeza maneno ni yake.

Mama Wawili

Nirudi kwa binti. Baada ya Oz, mtafutieni The Boy Who Harnessed the Wind, kile cha William Kamkwamba wa Malawi. Kipo cha wakubwa cha 2009 na kipo cha watoto wadogo chenye picha. Halafu angalieni muvi ya 2019 pamoja, ambayo Chiwetel Ejiofor ameiongoza na kuigiza kama baba. Wanangu niliwaambia wakamate uongo wa muvi. Walioukamata ni huu: kwenye muvi kinu cha upepo kinavuta maji moja kwa moja na shamba linapona. Kitabuni kinu cha kwanza kinawasha taa na redio, pampu ya maji ilikuja baadaye. Wakabishana meza nzima kama hiyo ni haki au si haki. Mtoto akishaanza kubisha hivyo, huna haja ya kumsukuma kusoma.

Mtazamaji Mpole

Nimeamua: mimi Different Seasons, mtoto Oz. Dune Nahodha nivumilie kwanza. Mke wangu amesoma uzi wote akiwa begani kwangu, kacheka kwa Kibatari, kwa Koplo akanyamaza. Sasa anauliza kile cha vita ni kinene kiasi gani.

Koplo Mstaafu

Chembamba, shemeji. Sura 12 tu. Likizo iko sura ya 7, na usimruhusu mumeo akusimulie.