Tupeane uzoefu: kupasua fito nyembamba kwenye msumeno wa meza

Fundi wa Kibuye, Kisumu
Mafundi, habari za jioni. Jumanne nilikuwa napasua fito za mvule za kushikia vioo, unene milimita 6. Nilisogeza fensi, ile reli ya kuongozea mbao, karibu na diski ya msumeno, fito zikawa zinapita katikati. Ya tatu ikabanwa, meno ya nyuma yakainyanyua na kuirusha. Ilipita kando ya kiuno changu ikagonga mabati kwa kishindo. Mpaka leo naogopa kuwasha mashine. Nyinyi mnafanyaje?

Wa Bungoma
Pole sana, ndugu. Mimi huweka mbao pana upande wa fensi, fito ianguke upande wa pili ikiwa huru. Kila mpasuo nasogeza fensi upya. Inachosha, lakini fito haina pa kubanwa. Tena simama kando, usisimame mkabala wa diski.

Meza yangu ilichomelewa hapa mtaani, na tundu la diski lilikuwa pana hadi fito zinazama. Diski yenyewe haipandi wala haishuki. Nilisukuma plaiwudi pana taratibu kuelekea diski mpaka ikaingia katikati, nikazima, nikaikaza mezani kwa klampu. Mwanya sasa ni unene wa diski tu.

Wa Nakuru
Yangu yalikuwa matofali ya mbao ya watoto kuchezea, inchi 2 kila moja. Nilipimia urefu kwa kugusisha ncha ya mbao kwenye fensi, kipande kilichokatika kikanaswa kati yake na diski, kikanipiga kidevuni. Siku hizi nafunga kibao kwenye fensi, mbele kabla ya diski, napimia hapo. Kipande kikifika kwenye meno kina nafasi.

Wa Kakamega
Kidole changu cha shahada hakina ncha. Mashine nilikuwa nimeshaizima, nikanyoosha mkono kuokota kipande kidogo, kumbe diski bado inazunguka. Sasa nasubiri isimame kabisa. Mbao iliyo fupi kuliko futi 1 siipitishi, nachukua msumeno wa mkono. Glavu pia niliacha, meno yakishika uzi yanavuta mkono wote.

Fundi wa Kibuye, Kisumu
Pole mzee wangu, na asanteni. Mteja anataka fito 40 kufikia Ijumaa, kesho naanza na hiyo plaiwudi. Kijiti cha kusukumia mnachonga kwa mbao gani?

Wa Bungoma
Mabaki ya hiyo hiyo plaiwudi. Kiache na kisigino nyuma kishike mbao, na uchonge viwili, kimoja kitaliwa na meno.