Tupeane uzoefu: mliojifunza kufinyanga vyungu ukubwani

mwanzo_mgumu
Wakuu, jana nimekuta mitungi ya Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, imepangwa sokoni, mikono ikaanza kuwasha. Mimi nilianza na miaka 41. Wewe kilikutoa jasho nini?

binti_nyasa
Kuchoma! Nilikaa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wiki tatu, bibi mmoja wa Kikisi akinifundisha. Vyungu sita, nimevisugua kwa kokoto mpaka vinateleza. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, nami nauli ya kurudi Mbeya imeshaanza kuliwa. Bibi akainua kimoja, akakigusisha shavuni. "Bado cha baridi hiki." Nikambembeleza hadi akachoka. Tukapanga nyasi na kuni, moto ukapanda. Paa! Nikadhani ni kuni. Paa! Cha tano kilipopasuka, kigae kiliruka mpaka miguuni pa bibi. Nililia wakuu, nililia kweli. Yeye akakiokota kikiwa bado cha moto, kwa ncha ya khanga, akakiweka mbele yangu, akabandika donge jipya la udongo juu yake. "Anza na kitako."

kigae
Pole dada. Shavu halidanganyi: chungu kikiwa cha baridi, bado kina maji.

fundi_moto
Hiyo ni hewa. Hukukanda vizuri.

mama_wawili
Si hewa kaka, ni maji. Yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, yanatafuta pa kutokea. Kausha wiki mbili kivulini.

fundi_moto
Wiki mbili? Mimi siku nne juani na havipasuki.

mama_wawili
Juani mdomo unakauka kabla ya kitako, ndiyo maana vyako vina nyufa. Funika mdomo kwa kitambaa kibichi.

mpare_halisi
Kwetu Usangi, Upareni, bibi zetu hawakutaka mwanamume asogee penye vyungu. Mume wako hakupita hapo?

binti_nyasa
Sina mume, nilikuwa na haraka.

jirani_Nairobi
Msikate tamaa. Magdalene Odundo, mfinyanzi maarufu mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, mwaka 1974 kujifunza kufinyanga kwa mkono, tayari ni mtu mzima anayesoma Uingereza. Mimi mishikio ndiyo inanitesa, yote inabanduka.

kigae
Chanja pande zote mbili, paka udongo mzito kama uji, ndipo ubandike.

mwanzo_mgumu
Dada wa Nyasa, umesema sita. Cha sita je?

binti_nyasa
Kilitoka na ufa mwembamba kama unywele. Bibi akanichemshia uji wa dona humo, ukaziba. Maharage ya leo yako ndani yake.