Ushauri: Majengo watu wanakwepa chanjo ya mpoksi, nijibuje?

reko_majengo
Jambo kwenu wote. Mimi ni reko, mhamasishaji wa afya wa jamii, huku mtaa wa Majengo, Goma, mashariki mwa Kongo. Chanjo ya mpoksi iko kwenye kituo cha afya, lakini nikipita nyumba kwa nyumba narudishiwa maneno matatu yaleyale. "Fulani alichanjwa na bado akatoka vidonda." "Mbona mnachanja wakubwa, na watoto ndio wanaougua sana?" Na la tatu: "Ni biashara kama ile ya Ebola." Karatasi tuliyopewa inasema tu kwamba chanjo ni salama. Nikiisoma, mtu anafunga mlango. Nianzie wapi?

muuguzi_kahembe
Yaya reko, karatasi iache mfukoni. Wanaouliza hivyo wamefikiri, kwa hiyo wajibu walichouliza.

La kwanza ni hesabu ya siku. Mpoksi inaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla vidonda havijatoka, na chanjo tunayotoa, MVA-BN, inahitaji kama wiki 2 kujenga kinga. Aliyelala chumba kimoja na mgonjwa Jumatatu, akachanjwa Jumamosi, anaweza kutoka vidonda wiki inayofuata kwa sababu ugonjwa ulishaingia kabla ya sindano. Jirani yeye kaona sindano, kisha vidonda. Basi kabla mtu hajachanjwa muulize: katika siku 21 zilizopita umekaa karibu na mwenye vidonda? Akisema ndiyo, mwambie mbele ya watu wa nyumbani kwake kwamba bado anaweza kuugua, na upele ukitokea arudi upesi. Huyo asicheleweshwe: aliyegusana na mgonjwa achanjwe ndani ya siku 4 ikiwezekana, ingawa kinga yake haitafikia ya aliyechanjwa mapema.

Usiahidi kwamba hawataugua kabisa. OMS, Shirika la Afya Duniani, inakadiria dozi 1 kabla ya kukutana na ugonjwa hupunguza hatari kwa 76%, dozi 2 kwa 82%. Ahadi iliyopitiliza itakurudia, na aveni (barabara ya mtaa) nzima itasikia.

Taja na madhara mapema: mkono kuuma na kuvimba, kichwa, misuli, uchovu, pengine kichefuchefu. Kwa wengi huisha kwa siku chache. Aliyeambiwa atasema "walinieleza". Ambaye hakuambiwa atasema amewekewa sumu. Ndani ya chanjo hiyo hakuna kirusi cha mpoksi. Kilichomo ni jamaa yake aliyedhoofishwa hata hawezi kuzaana mwilini mwa mtu, ndiyo maana hata mwenye VVU anaweza kuipata.

mnyororo_baridi
Naongeza jambo la kichupa. Wengi bado wanakumbuka Covid. Tarehe 2 Machi 2021 nchi yetu ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo yake ya AstraZeneca, zikangoja hadi 19 Aprili kwa sababu ya habari za damu kuganda huko Ulaya, kisha takriban milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaisha muda. Mitaani ilisikika kwamba dawa ilikuwa mbovu. Sasa MVA-BN huja ikiwa imegandishwa; ikiyeyushwa, muda wake unafupika, hairudishwi kwenye barafu, na tarehe mpya inaweza kuandikwa kwa kalamu. Mtu akiona kalamu anasema wamedanganya tarehe. Mweleze kwamba ya kalamu ni ya mapema kuliko ile ya kiwandani. Kichupa ni cha mtu 1, ml 0.5, hudungwa chini ya ngozi. Muuguzi akifungue mbele ya macho yake.

mzee_birere
Kuhusu biashara, usibishane nao. Desemba 2018 watu wa miji ya Beni na Butembo walinyimwa kura kwa sababu ya Ebola, wakapiga Machi 2019, rais akiwa ameshaapishwa. Chanjo ya pili ya Ebola, ya Johnson & Johnson, ilianzia hapohapo Majengo na Kahembe Novemba 2019, na waziri wa afya Oly Ilunga aliyeipinga hadharani alikuwa amejiuzulu Julai. Mwaka 2021 tume huru ikathibitisha kwamba baadhi ya watu wa riposti, yaani kazi ya kupambana na Ebola, wa OMS wakiwemo, waliwadhulumu wanawake kingono. Ukiyakana haya, huna la kusema tena pale mlangoni.

Usishuke kwenye jeep ya shirika. Nenda kwa miguu pamoja na shefu wa aveni. Wakikuuliza unalipwa ngapi, taja kiasi.

muuguzi_kahembe
Mzee amesema kweli. La watoto: MVA-BN iliidhinishwa kwanza kwa wenye miaka 18 kwenda juu. Ulaya iliongeza wa miaka 12 hadi 17 mnamo Septemba 2024, na Goma tulizindua 5 Oktoba. Wadogo zaidi walikuwa hawajapimiwa vya kutosha. LC16 ya Japani OMS imeiruhusu kuanzia mwaka 1, ila hudungwa kwa sindano maalumu ya ncha 2 na haifai kwa wajawazito wala wenye kinga dhaifu. Mzazi hatalipenda jibu hili, lakini mpe hivyohivyo. Ukimficha, atajijazia mwenyewe, na kwa kawaida anajaza uzazi: kwamba wakubwa wanachanjwa ili wasizae.

dada_wa_birere
Na msitari jamani! Mkianza na wanawake wa baa peke yao, nani atasimama pale aonekane? Waiteni siku ileile pamoja na wauguzi na waendesha moto (pikipiki).

reko_majengo
Aksanti sana. Na waliopata ya kwanza wakakwepa ya pili?

muuguzi_kahembe
Ya pili ni baada ya siku 28. Iandike kwenye kadi kwa siku ya soko pia, si tarehe tu. Akichelewa haanzi upya, anapewa ya pili tu. Wengi hawarudi kwa kuogopa kukaripiwa, kwa hiyo waambie hivyo siku ya kwanza. Dozi zikiwa haba, kituo kinaweza kutoa 1 kwanza ili wengi wafikiwe. Litangazeni wenyewe kabla halijawa uvumi. Anayekataa, andika sababu kwa maneno yake bila jina, ulete kituoni kila Ijumaa. Sababu ileile ikitoka nyumba tano za aveni moja, mtume mtu huko na jibu la hiyo tu.