Barbaresco ya Gaja au Barolo ya Bartolo Mascarello? Zawadi ya baba mkwe

mkwe_wa_torino
Wadau za jioni. Niko Torino mwaka wa sita huu, baba mkwe anatimiza 70 mwezi wa kumi na moja na kwenye waini nyekundu huyu mzee humdanganyi. Nimejichanga nimnunulie chupa moja ya maana, nimebaki na mbili kichwani, Barbaresco ya Gaja na Barolo ya Bartolo Mascarello (Barbaresco na Barolo ndo waini, Gaja na Mascarello ndo watengenezaji). Zabibu ni ileile nebbiolo, zote za hukuhuku Piemonte, sasa tofauti iko wapi zaidi ya jina? Nimemuuliza mke wangu kasema yeye hajiingizi.

mpishi_mstaafu
Tofauti ni pipa kaka. Nimepika Alba miaka minane, nimeona watu wazima wananuniana mezani kisa pipa. Angelo Gaja ni wa kwanzakwanza huku kutumia barrique, lile pipa dogo la lita 225, mbao ikiwa mpya waini inatoka na harufu ya vanila na mkate uliobabuka. Bartolo yeye hakutaka hata kulisikia, ni mapipa makubwa ya kizamani tu, waini inatulia humo taratibu bila kunuka mbao. Alikuwa anachora lebo kwa mkono wake, moja akaandika No Barrique No Berlusconi, yaani hataki barrique wala yule mwanasiasa Berlusconi. Alifariki 2005, bintiye Maria Teresa ndo anaendesha na hajagusa kitu, hekta kama tano tu, na hawatenganishi mashamba, ya Cannubi, San Lorenzo, Rué na Rocche yote yanaingia Barolo moja wakati wenzao kila kishamba kina chupa yake na bei yake.

Mgogo_wa_Hombolo
Sisi wa zabibu za Dodoma tunasoma kimya. Ila kununiana kwa ajili ya pipa, hapo mkuu umetia chumvi

mpishi_mstaafu
Chumvi? Elio Altare wa La Morra, mwaka 1983, alibeba msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya baba yake mzazi ili aweke barrique. Mzee akamnyima urithi. Haya niambie chumvi iko wapi.

Mama_Neema_Bergamo
Mi namtetea Gaja, maana mkishaanza mambo ya pipa mnamfanya kama mchuuzi fulani hivi. Ile familia ipo kijijini Barbaresco tangu 1859 na tangu 1961 hawanunui zabibu ya mtu, wanatumia za kwao tu. Na sio barrique mwanzo mwisho, inakaa mle kama mwaka halafu inahamia pipa kubwa. Angelo mkaidi kweli, 1978 alipanda cabernet, zabibu ya Kifaransa, pale palipokuwa na nebbiolo nzuri, baba yake akawa akipita anasema "darmagi", kwa kilugha chao ni kama hasara iliyoje, kijana akalichukua neno hilohilo akaliweka kwenye chupa ndo jina la waini hadi leo 😂 Barbaresco yao nimeionja mara moja harusini, laini, imenyooka, haikusumbui.

kisu_butu
mkwe hujasema kitu kimoja, mzee atainywa lini? Nauliza kwa uchungu. Mimi niliwahi kufungua Barolo ya miaka mitano mbele ya wageni, ukakasi wake ni kama umetafuna bibo la korosho halijaiva, ulimi ukakauka, shemeji akaomba soda. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mbao, Barbaresco ni 26 na 9, lakini hiyo ni ruhusa ya kutoka ghalani tu, haimaanishi imeiva.

mkwe_wa_torino
Huyu atainywa siku ileile. Halafu nimezunguka maduka mawili Mascarello hakuna, la tatu wanayo ya 2019, nilivyoona bei nikasema ntarudi

kisu_butu
Basi achana na zote mbili, nenda Produttori del Barbaresco. Ni ushirika, wako barabara moja na Gaja, Via Torino. 1958 padri Fiorino Marengo aliwakusanya wakulima 19, mavuno matatu ya kwanza waini wakaitengenezea chini ya kanisa. Mapipa makubwa pia. Mwanachama analeta nebbiolo yake yote, hauzi pembeni, na analipwa kwa ubora. Miaka mizuri wanatoa Riserva, zile zinazokaa ghalani muda mrefu zaidi, za mashamba tisa kila moja na jina lake. Tafuta Rio Sordo au Pora ya 2011, ulikuwa mwaka wa joto, imeshafunguka. Montestefano iache, hiyo ngumu.

Mgogo_wa_Hombolo
Ushirika na mkulima analipwa?? Naombeni katiba yao

Mama_Neema_Bergamo
Miaka 70 ya mkwe unampelekea kitu ambacho bei yake anaijua kama ya mkate? Jina nalo lina kazi yake jamani.

kisu_butu
Dada, mzee wa Piemonte ukimtokea na Gaja anaona unajionyesha. Ukimtokea na Rio Sordo ya 2011 anaona uliuliza watu.

mkwe_wa_torino
Nimechukua Rio Sordo mbili, na hela ya Gaja bado inabaki. Sasa naifunguaje, maana kizibo cha mwisho kilinivunjikia nikachuja na kitambaa.

mpishi_mstaafu
Siku mbili kabla isimamishe, mashapo yashuke chini. Kizibo kivute polepole bila kukikoroga. Fungua masaa matatu kabla ya chakula, mimina kwenye jagi, ukiona mashapo yanakaribia shingo simama hapohapo.

mkwe_wa_torino
Masaa matatu jagi liko wazi na huyu mzee yumo ndani?

mpishi_mstaafu
Ficha jikoni.