Tupeane uzoefu: Matairi ya bei nafuu kwa magari ya spoti ya zamani, Mtwara na Lindi

Shangani14 (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Tairi la IST au Premio mtu analipata Mtwara au Lindi mjini siku hiyo hiyo. Mwenye Datsun 240Z, MGB au Mazda MX-5 ya mwanzo akitaja saizi yake anaambiwa aagize, na saizi ya asili ikiagizwa nje bei yake inamfanya mtu aliache gari kwenye turubai. Tuweke hapa saizi mbadala zinazofanya kazi kweli. Ukichangia taja gari, upana wa rimu, saizi ya asili, saizi mbadala, na pale panapogusa.

Naanza na 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Saizi yake ya asili ni 175HR14 kwenye rimu ya chuma ya inchi 4.5. Matairi ya zamani hayana namba ya kimo (urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, kama 70 kwenye 185/70R14) baada ya upana. Isipoandikwa, chukua asilimia 80 hadi 82 ya upana. Hesabu inakwenda hivi: 14 × 25.4 = 355.6 mm, hiyo ni rimu. 175 × 0.80 = 140, mara mbili ni 280. Kipenyo chote ni 635.6 mm. Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani, kwa sababu spidomita na gia za gari vimepangwa kwa kipenyo, siyo kwa jina la saizi. Lenga tofauti isiyozidi asilimia 3.

Kwa saizi zilizojaa huku kwetu:

185/70R14 ina 614.6 mm, pungufu kwa asilimia 3.3. Imepita kidogo ile 3, lakini ndiyo inayokubali rimu ya inchi 4.5. Spidomita ikisoma 80, gari linakwenda kama 77.
195/70R14 ina 628.6 mm. Nzuri zaidi, ila inataka rimu kuanzia inchi 5, kwa hiyo rimu ya asili ya 4.5 haifai.
195/65R15 ina 634.5 mm. Imepishana na ya asili kwa milimita moja tu, na kwa vile ni saizi ya Premio na Allion, kila duka inayo na bei zinashindana. Inahitaji rimu ya inchi 15 yenye upana wa kuanzia 5.5.

Uzito usiwatishe. Gari lina kama kilo 1,050. Tairi la namba ya uzito 88 linabeba kilo 560, la 91 linabeba 615. Herufi ya spidi ya asili ni H, yaani 210 km/h. H ikipatikana kwa bei ile ile chukua hiyo. T, yaani 190, inatosha kwa barabara zetu.

Gereji_Ligula

Mkuu hesabu ziko sawa. Nyongeza yangu ni kwenye hiyo 195/65R15, maana tairi ni rahisi ila rimu ndiyo kazi.

Datsun ina nati nne, na kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu linalolitazama ni 114.3 mm. Rimu za Premio ni nati tano kwa 100. Corolla nyingi za zamani ni nne kwa 100. Kuna mafundi wanatoboa upya au wanavuta nati zikae kwa nguvu. Usikubali: nati inakaa upande, stadi (boliti za habu) zinapinda kidogo kidogo, na siku zikikatika zinafuatana.

Rimu nyingi za Nissan Bluebird U13 au U14 na Primera P10 au P11 zina nne kwa 114.3, ndiyo maana watu wanazikimbilia. Tatizo ni ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi bapa linalokaa kwenye habu; ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Hizo ni gari za kuvuta mbele, ofseti yake ni kama 40, wakati Z inataka kati ya sifuri na 15. Gurudumu litaingia ndani karibu sentimita 3 na tairi litakula kikombe cha springi kwenye shokapu ya mbele. Pia tundu la katikati huwa dogo kuliko habu ya Z. Ukiamua kutumia spesa (bapa la kusogeza gurudumu nje), iwe ile yenye stadi zake, inayofungwa kwenye habu kwa nati zake. Washa zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye stadi ni hatari.

Kupima: funga gurudumu bila kushusha jeki, zungusha kwa mkono, pitisha kidole kati ya tairi na kikombe cha springi. Kidole kikipita bila kubanwa mzunguko mzima, shusha gari, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, kisha mtu akandamize fenda. Ndipo umpe muuzaji hela yake.

Mikindani_B

Wazee wangu shikamooni. MGB, rimu za spoku, saizi 165R14. Fundi pancha anasema tairi la tubeless (lililotengenezwa kutumika bila tyubu) haliwekwi tyubu. Na je, 185/70R14 itakaa?

MzeeRasbura

Marahaba mwanangu. Linawekwa, na kwenye rimu ya spoku ni lazima, kwa sababu upepo unatokea kwenye matundu ya spoku. Hata rimu za chuma za zamani zisizo na tuta dogo la ndani la kushikilia ukingo wa tairi, tyubu ni usalama wako.

165R14 kwa asilimia 82 ni kama 626 mm. 185/70R14 ni pungufu kwa asilimia 2 tu, inakaa. Angalia nyuma: kwenye MGB upande mmoja mara nyingi umebana kuliko mwingine, tairi na ukingo wa madigadi vinasogeleana gari likibeba watu wawili na mzigo. Springi za majani zikiwa zimelala, itagusa. Tengeneza springi kwanza.

Kufunga kwake ndiko watu wanakoharibu. Sugua kutu ndani ya rimu kwa brashi ya waya. Papasa vichwa vya spoku kwa kidole, ncha yoyote iliyochomoza isagwe mpaka iwe laini. Zungushia ukanda wa mpira ufunike vichwa vyote, usipande kwenye mdomo wa rimu. Halafu ingiza mkono ndani ya tairi uzunguke lote: stika za karatasi zote zibanduliwe. Stika ndogo tu, ikisuguana na tyubu kwenye joto la huku, inatoboa. Paka poda ya mtoto ndani, kiasi cha kuufanya mpira uteleze.

Tyubu iwe ya tairi la radial (lenye R kwenye saizi), 175/185-14. Ijaze kidogo ipate umbo kabla ya kuiingiza. Tairi likishakaa, jaza mpaka ukingo ulie, kisha toa upepo WOTE, halafu jaza tena. Fundi akiruka hatua hiyo, tyubu inabaki na mkunjo, mkunjo unakuwa ufa, na tyubu ikipasuka hapo haitoi upepo polepole kama tubeless yenye msumari. Inaisha mara moja.

Tairi la kimo cha chini ya 65 usiliweke tyubu. Ubavu wake unajikunja sana sehemu ndogo na tyubu inasagika.

KaunguLindi

Niongelee mitumba ya Japani, maana ndiko wengi wanakokimbilia wakisikia neno nafuu.

Mengi yanayoonekana mazuri, kashata (meno ya tairi) nene, ubavu unang'aa, ni matairi ya barafu. Yatambue hivi: kashata zimekatwa vimistari vidogo vidogo vya kujipinda, kama mamia. Ubavuni kuna neno STUDLESS au alama ya mlima wenye theluji. Herufi ya spidi mara nyingi ni Q, yaani 160. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi. Kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana unakuwa laini kama bigijii: gari linayumba ukikata kona, breki zinarefuka, na kashata zinaisha haraka hata gari likiwa jepesi.

Pili, DOT, namba iliyopigwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, ni la kabla ya mwaka 2000, liache hapo hapo. Mwaka huandikwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo usipoona geuza. Likifika miaka 6 likaguliwe kila mwaka, likifika 10 litoke hata kama kashata zote zipo. Gari la spoti la zamani linatembea kidogo, matairi yake yanakufa kwa uzee kabla ya kuisha.

Tatu, matairi ya kuchongwa. Tairi la kipara linachongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto kisha linapakwa dawa nyeusi. Tafuta vile vituta vidogo ndani ya mfereji, vya kiwango cha 1.6 mm. Kama mfereji umeshuka na vituta havipo, limechongwa, na chini ya mfereji huo waya uko karibu sana. Hiyo dawa nyeusi ifute kwa kitambaa chenye sabuni uone nyufa za ubavu.

Nne, na hili wengi hawalijui: mitumba mingi husafirishwa tairi moja likiwa limeshindiliwa ndani ya jingine. Ukingo wenye waya unapinda. Liweke sakafuni, liangalie kutoka juu. Ukingo wa ndani ukiwa yai badala ya duara, litavuja na halitabalansi kamwe.

Kwa hela ya matairi manne ya mtumba, fikiria mapya manne ya bei ya chini katika saizi ya kawaida. Tairi jipya la kampuni isiyo na jina kubwa, lenye DOT ya karibuni, lina usalama kuliko la jina kubwa lililokaa miaka 9. Na mkiagiza Kariakoo, muuzaji apige picha ya DOT ya kila tairi kabla hajaupakia mzigo kwenye basi. Picha ya tairi moja kwa niaba ya manne haitoshi.

Nangurukuru_Box

Na hizi 185R14C za Hiace? Ni ngumu, hazichomwi ovyo na miiba.

Gereji_Ligula

Hapana ndugu yangu. Hiyo C ni ya gari la mzigo. Ubavu wake umejengwa ubebe kama kilo 850 kwa tairi, na upepo wa kupita 60 PSI. Ukilijaza 28 kwenye gari la kilo 1,050, tairi halijikunji inavyotakiwa, kashata hazilali barabarani. Kwenye mvua utaona gari linateleza kwa spidi ambayo tairi la kawaida lingeshika. Na mtikisiko wote unahamia kwenye boshi na shokapu ambazo kwa gari hizi kuzipata ni kazi kuliko tairi.

TandahimbaTwinCam

MX-5 ya kwanza (1989 kuendelea), Toyota AE86 zenye rimu za 14 na MR2 ya kwanza: saizi ya asili 185/60R14, kipenyo 577.6 mm. Haionekani sana madukani. Ipo njia nafuu ambayo watu wanaipita: 175/65R14, ya Vitz. Kipenyo 583.1, imezidi kwa chini ya asilimia 1. Inakaa kwenye rimu ya 5 hadi 6. Ni nyembamba kwa sentimita moja, kwa hiyo kwenye kona kali utaisikia inaachia mapema, lakini inaachia kwa upole na inaashiria kabla. Kwa gari jepesi hilo si hasara kubwa. Namba 82 inabeba kilo 475, MX-5 nzima haizidi sana 1,000.

Ukitaka mshiko zaidi na una rimu za 15, 195/50R15 ina 576. Ila ubavu ni mfupi, na shimo la kando ya lami linapinda rimu.

Rimu: MX-5 na MR2 ni nne kwa 100, za Vitz zinalingana kwa matundu. AE86 ni nne kwa 114.3. Msichanganye.

Upepo: MX-5 kibandiko cha mlangoni kinasema 26 PSI. Vijana wa pampu wanajaza 35 kwa mazoea, gari linarukaruka na katikati ya tairi panaisha. Pima asubuhi kabla hujatembea. Kwa gari ambalo kibandiko kimefutika, anza na 28, tembea Mtwara hadi Mingoyo bila kusimama, pima tena papo hapo. Upepo ukipanda zaidi ya 4 ulianza chini mno, ongeza 2 kesho asubuhi. Usipunguze upepo tairi likiwa la moto.

Shangani14

Nyongeza ya alaimenti (kunyoosha magurudumu), kwa wasiotaka kusubiri safari ya Dar. Mshipi wa kuvulia na stendi nne vinatosha. Kaza mshipi kila upande wa gari kwa kimo cha katikati ya magurudumu. Sogeza mpaka umbali wa mshipi hadi kitovu cha habu ya nyuma ulingane kushoto na kulia, na vivyo hivyo mbele. Usukani ukiwa umenyooka, pima kwa rula kutoka mshipi hadi ukingo wa rimu, upande wa mbele na wa nyuma wa gurudumu lile lile. Ukingo wa mbele uwe mbali na mshipi kwa milimita 1 zaidi kila upande. Kabla ya hapo tingisha gurudumu. Tairodi ikiwa imelegea, vipimo vyote ni bure.

Tairi lenyewe litakuambia. Kingo zote mbili zimeisha: upepo mdogo. Ukingo mmoja tu: gurudumu limelala. Ukipitisha kiganja upande mmoja ni laini na ukirudisha kinakwaruza kama msumeno: mshipi uchukuliwe tena. Mabonde mabonde kuzunguka tairi: shokapu imekufa.

Mikindani_B

Ahsanteni sana. La mwisho: hela inatosha mawili tu sasa hivi. Niweke mbele?

MzeeRasbura

Weka nyuma, mwanangu, na yawe mawili ya aina moja. Ya mbele yakiteleza kwenye maji, gari linanyooka, unaachia mafuta na usukani unarudi. Ya nyuma yakiteleza kwenye gari linalosukuma kwa nyuma, linageuka kabla hujajua. Na kama hayo mawili ya zamani ni yale ya nyuzi za kupishana, siyo radial, yabaki mbele. Radial mbele na ya kupishana nyuma ni mchanganyiko usiofungwa hata kwa safari ya Mikindani hadi sokoni.